Noti Moja ya Kinanda Ikikusumbua

Yawezekana hata parokia yenu inacho kinanda cha umeme, kilichonunuliwa kwa michango ya waamini, wengine wakitoa kuku na wengine mahindi. Basi, siku moja katika mazoezi mwalimu wa kwaya asikia jambo: do, re, mi zatoka sawasawa, fa yalia kwa ukali kama bati, sol yarudi kuwa laini. Wengine wamlaumu kijana anayepiga. Wengine wataka aitwe fundi akifungue. Ngojeni kwanza.

Yafaa kujua sauti ile imetoka wapi. Ndani ya kinanda hicho hamna nyuzi wala nyundo. Watengenezaji walichukua piano ya kweli, yenye vibao 88 na nyuzi zaidi ya 200, wakaweka maikrofoni na kurekodi noti zake. Ukibonyeza kibao, waiamsha noti iliyorekodiwa. Raymond Kurzweil wa Marekani alitoa kinanda cha namna hiyo mwaka 1984.

Lakini kurekodi noti zote kulihitaji kumbukumbu kubwa, nayo ilikuwa ghali. Kwa hiyo katika vinanda vingi, hasa vya bei nafuu, noti moja iliyorekodiwa hutumikia vibao vitatu au zaidi. Waijua kaseti inayokimbia: mwimbaji hupanda juu, na sauti yake huwa nyembamba kama ya mtoto. Ndivyo ilivyo hapa. Kibao cha katikati chatoa sauti ya asili, cha kulia imeharakishwa, cha kushoto imecheleweshwa. Kinachofuata chatoka katika rekodi nyingine kabisa, na hapo sikio hushtuka. Tena, kama piano ile ilikuwa na nyundo moja ambayo sufu yake imekuwa ngumu, kasoro hiyo ilirekodiwa pamoja na noti, nayo imo katika kila kinanda chenye sauti hiyo. Bisibisi ya fundi haiwezi kuitoa!

Hata hivyo, mara nyingine kosa ni la kibao chenyewe. Chini ya kila kibao mna mpira wenye vituo viwili vyeusi. Kinanda hupima muda kati ya kituo cha kwanza kugusa na cha pili, ndipo kijue umepiga kwa nguvu au polepole. Vumbi likiingia, au mende (nao hupenda sana joto la vinanda), kipimo huharibika, na noti hupaza sauti ovyo.

Utatambuaje? Tafuta kitufe cha kupandisha wimbo, kile ambacho wapigaji hukiita transpozi. Pandisha hatua moja, kisha piga tena. Ukali ukibaki katika kibao kile kile, kosa ni la kibao: mwite fundi akisafishe. Ukihamia kibao cha jirani upande wa kushoto, kibao ni kizima. Hapo vaa spika za masikioni usikilize. Ukali ukitoweka, ni kanisa lenyewe, kuta na mabati, linaloitikia noti ile, sogezeni spika. Ukibaki, ni rekodi: chagueni sauti nyingine ya piano, nanyi msitoe hata shilingi.

Ila kabla ya Misa ya Dominika, rudisheni kitufe kile kwenye sifuri, msije mkawaimbisha akina mama wa sauti ya kwanza juu kuliko walivyozoea.