Kompyuta haitambui chipu ya feni na volti? Itambue mwenyewe hivi

Kuna swali naulizwa sana, leo nalijibu kwa wote. Mtu ana kompyuta ya mezani, mara nyingi ya mtumba, mchana jua likiwaka inazimika yenyewe. Anaweka Linux, anaandika amri ya sensors, anaona joto la prosesa tu. Feni hakuna, volti hakuna. Sasa utajuaje kama tatizo ni feni imechoka au pawa saplai inakata? Fundi atabahatisha, na kila akibahatisha unalipa wewe.

Tuelewane kwanza. Joto la prosesa linapimwa ndani ya prosesa yenyewe. Mzunguko wa feni, volti na joto la mazabodi ni kazi ya chipu nyingine inayoitwa Super I/O, ambayo pia hushughulikia vitu kama kibodi ya tundu la PS/2. Watengenezaji wake wakubwa ni wachache: ITE, Nuvoton (ilitokana na Winbond mwaka 2008) na Fintek, wote wa Taiwan.

1. Ingia BIOS. Ukikuta ukurasa unaoonyesha feni na volti, ujue chipu ipo na ni nzima. Tatizo ni programu tu, kwa hiyo usikubali kuuziwa mazabodi mpya!

2. Andika sudo sensors-detect. Itakuuliza maswali, wewe bonyeza Enter ukubali jibu lililopendekezwa. Usijifanye mjuaji hapa. Miaka ya mwanzo ya 2000 baadhi ya laptop za IBM ThinkPad ziligoma kuwaka baada ya upekuzi wa aina hii kuharibu data kwenye chipu ya kumbukumbu. Ndiyo maana programu inauliza kwanza.

3. Chipu isipofahamika, itakuandikia kuwa imekuta chipu isiyojulikana pamoja na namba yake inayoanza na 0x. Namba hiyo ndiyo dhahabu, iandike pembeni. Kwa ITE ni rahisi kabisa: 0x8728 ni IT8728. Kwa Nuvoton namba haifanani na jina: 0xc562 ni NCT6779D, na tarakimu ya mwisho inaonyesha toleo tu.

4. Hakikisha kwa macho. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, fungua boksi. Tafuta chipu nyeusi bapa yenye miguu mingi midogo pande zote, imeandikwa jina la kampuni na namba. Mulika na tochi ya simu kwa pembeni, maandishi yatatokea. Na hilo vumbi pulizia kabisa, umeshafungua!

Ukishapata jina, angalia draiva. Familia ya NCT6779D inatumia nct6775, iliyoingia kwenye keneli 3.10 mwaka 2013, kwa hiyo mwenye Linux ya zamani kuliko hapo atasubiri mpaka kesho. Dawa ni kuweka keneli mpya. Chipu za ITE zinatumia it87. Kama draiva ipo ila inagoma, andika dmesg uone kama inalalamika kugombana na ACPI. Hapo BIOS ndiyo imeshikilia milango ya chipu.

Kuna watu watakwambia tumia force_id, yaani kuidanganya draiva kwamba chipu yako ni nyingine inayofahamika. Inaweza kufanya kazi chipu zikiwa ndugu. Zisipokuwa ndugu utasoma namba za uongo, na ukijaribu kubadili kasi ya feni unaweza kuandika mahali pasipo pake, feni ikasimama prosesa ikiungua. Kama ni lazima, soma tu, usiguse kasi.

Mwisho, usiamini kila namba. Linganisha na za BIOS. Volti ya 12 ikae karibu na 12, ya 5 karibu na 5. Ukiona joto 127 au hasi 128, mara nyingi hapo hakuna sensa iliyounganishwa, usikimbilie kuita fundi. Lakini feni ya prosesa ikisoma 0 huku unaona inazunguka, angalia waya wake wa tatu: ndio unaopeleka taarifa ya mzunguko.

Aliyekwama aweke namba yake ya 0x na jina la mazabodi hapo chini kwenye maoni, tusaidiane. Nawasilisha.