Joto la Dar na mgonjwa wa presha

Kati ya Desemba na Machi, joto la Dar es Salaam huambatana na unyevu mwingi hewani. Jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka haliupoozi mwili. Huu ndio msimu ambao anayemeza dawa za presha anapaswa kujiangalia zaidi, kwani presha aliyozoea kuiogopa ikipanda sasa inaweza kushuka kupita kiasi.

Mwili ukipata joto, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka ili joto litoke. Presha hushuka, na moyo huongeza mapigo kufidia. Jasho nalo huondoka na maji na chumvi. Hapo dawa huongeza uzito: amlodipini huitanua mishipa hiyohiyo, dawa za kukojosha hutoa maji ambayo jasho limeshaanza kuyamaliza, na atenololi hupunguza kasi ya moyo wakati unahitaji kwenda mbio. Ndiyo maana muuza matunda aliyeinama juani, akisimama ghafla, huona giza na hata kuanguka.

Jua lenyewe, mbali na joto lake, pia hugusa presha. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Edinburgh waliwamulika watu 24 kwa mionzi ya urujuanimno. Ngozi iliachia oksidi ya nitriki, kemikali inayotanua mishipa, na presha ikashuka kidogo. Utafiti mwingine wa mwaka 2020, kwa wagonjwa zaidi ya 340,000 wanaosafishwa damu nchini Marekani, ulikuta presha iko chini zaidi penye mionzi mingi, ingawa kwa watu weusi tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo anayedhani kuota jua kutamtosha badala ya vidonge anajidanganya, tena kwa hatari.

Kunywa maji kabla kiu haijakubana, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Kizunguzungu kikikushika, kaa kivulini au lala na kuinua miguu. Usikimbilie kulamba chumvi. Mtu anayewaka mwili na kuanza kuongea yasiyoeleweka apelekwe hospitali mara moja, huku akimwagiwa maji na kupepewa.

Na kama kizunguzungu kinajirudia, pima presha, andika namba na uzipeleke kliniki. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari. Tafadhali usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.