Ari, Nidhamu na Kudurusu: Maana za Maneno Matatu na Maandalizi ya Mtihani

Muhula wa tatu unapoanza, mtahiniwa wa Kidato cha Nne nchini Kenya husikia maneno mawili karibu kila siku: ari na nidhamu. Huyasikia katika gwaride la asubuhi, huyasikia kutoka kwa mgeni aliyealikwa kuwahimiza watahiniwa, na huyasikia nyumbani wazazi wanaposoma ripoti yake. Aghalabu maneno haya hutumiwa kama kwamba ni visawe, na yote mawili kama kwamba ni majina ya kitu kimoja kilichomo moyoni mwa mwanafunzi, ambacho ama anacho ama hana. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anayetaka kudurusu, lakini kila akiketi akili humtoroka, huambiwa kuwa amekosa ari. Naye huyaamini hayo, akaacha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno haya, pamoja na kitenzi kudurusu chenyewe, yana maana zilizotofautiana, na kwamba tofauti hizo zina faida kubwa kwa mwalimu wa Kiswahili na kwa wale wanaomfunza mwalimu huyo.

Tuanze na ari. Katika Kiarabu, neno ambalo ari imetokana nalo lina maana ya aibu au fedheha. Kiswahili kimeigeuza maana hiyo: ari imekuwa ile hamu ya kutenda jambo kwa bidii ili mtu asiaibike wala asipitwe na wenzake. Hata hivyo aibu imebaki nyuma ya neno kama kivuli, na si ajabu kwamba njia za kawaida za kuwatia wanafunzi ari ni kuwalinganisha, kubandika majina yao ukutani kwa kufuata alama, na kuwakumbusha karo iliyolipwa kwa taabu. Yafaa pia kuviangalia vitenzi vinavyoandamana na neno hili. Mtu hutiwa ari, hupewa moyo, huhamasishwa. Mwanafunzi katika sentensi hizi zote ni mtendwa, na mtendaji ni mtu mwingine. Hata motisha, ambalo ni nomino, lina umbo linalofanana na la kitenzi cha kusababisha. Lugha yenyewe basi yakiri kwamba ari hutoka nje. Kitokacho nje huondoka na aliyekileta: mgeni aliyehutubia asubuhi huwa amekwisha panda gari alasiri, na kufikia Jumatano iliyofuata hotuba yake husimuliwa kwa vichekesho vyake tu.

Si kwamba ari haina kazi. Kosa ni kuitanguliza, kama kwamba mwanafunzi sharti kwanza ajisikie kutaka ndipo aketi. Walimu wazoefu wamekwisha kuona jinsi mambo yanavyokwenda kinyume cha hapo: mwanafunzi aliyelijibu swali la ushairi ambalo lilimshinda juma lililopita huwa na hamu ya kujaribu la pili. Hamu hiyo haikutiwa na mtu. Imezaliwa na kazi.

Nidhamu ni neno la ukoo mwingine kabisa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mpango au utaratibu, na mzizi wake ndio uliozaa pia nudhumu, yaani utungo wa mashairi. Maana ya msingi ya mzizi huo ni kupanga lulu au shanga katika uzi. Kiswahili nacho kina taswira iyo hiyo katika neno lake chenyewe, kwa kuwa kitenzi kutunga hutumika kwa shanga na hutumika kwa shairi. Shuleni, lakini, neno nidhamu limefinywa likafinyika. Mwalimu wa nidhamu ni yule anayeadhibu. Kamati ya nidhamu hukutana mtu akikosa. Na sentensi ambamo neno hili huonekana mara nyingi zaidi ni zile zenye utovu mbele yake. Mwanafunzi aliyelijua neno kwa njia hiyo, akiambiwa awe na nidhamu ya nafsi, huelewa kwamba ajiadhibu. Atakesha, atajinyima chakula cha jioni, ataitumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili asisinzie, na siku ya pili atalala darasani.

Maana ya kale ingemfaa zaidi. Mtungaji wa shairi la tarbia lenye mizani 16 katika kila mshororo hajiulizi, kila aanzapo mshororo, urefu wake uwe kiasi gani wala kituo cha kati kiwe wapi. Hayo yamekwisha kuamuliwa, na kwa sababu yameamuliwa, nguvu zake zote huenda katika neno linalotafutwa. Kadhalika mwanafunzi aliyekwisha kupanga saa, mahali na kazi hahitaji kupigana na nafsi yake kila jioni. Wengi wanaodhaniwa kuwa na moyo wa chuma hawana chochote zaidi ya mpango uliozoeleka. Ndiyo maana pia wanafunzi wa shule za bweni, ambao kwa miezi mitatu wameamka kwa kengele na kusoma kwa kengele, hurudi nyumbani likizo wakashindwa kufungua kitabu. Kengele imebaki shuleni, na mpango ulikuwa wa kengele.

Hapa sarufi inaweza kutusaidia. Mwanafunzi akiulizwa mpango wake, hujibu: "Nitajitahidi." Kitenzi hiki kina historia ya kuchekesha kidogo. Kimetokana na kitenzi cha Kiarabu ambacho ndani yake sauti j ni sehemu ya mzizi, kama inavyoonekana katika jitihada na juhudi. Lakini wasemaji wa Kiswahili wameisikia silabi ji kama kiambishi cha kujirejea, na hivyo kitenzi kizima kinasikika kama jambo ambalo mtu hujitendea mwenyewe. Jibu hilo lina nafsi na lina wakati ujao, ila halina saa, halina mahali, wala halina kitendo kinachoweza kuonekana. Lilinganishwe na hili: "Nikishaosha vyombo vya chajio, nitaketi pale mezani nijibu maswali mawili ya ngeli." Katika sentensi ya pili, kiambishi -ki- pamoja na -sha- vimeifunga kazi mpya kwenye kazi ambayo lazima itendeke. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba nia zilizofungwa hivi, yaani jambo fulani likitokea nitatenda fulani, hutimizwa zaidi kuliko nia zinazotaja lengo peke yake. Kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa, ambaye ana maji ya kuteka na wadogo zake wa kuangalia, sentensi ya namna hii ina thamani kuliko ratiba yenye rangi nne iliyobandikwa ukutani, kwa kuwa inaanzia katika maisha aliyo nayo.

Mpango peke yake, hata hivyo, hautoshi ikiwa kazi iliyopangwa ni kazi bure. Na hapa ndipo neno la tatu linapoingia. Kudurusu kumetokana na kitenzi cha Kiarabu darasa, ambacho pamoja na maana ya kusoma kina maana ya kupura nafaka. Anayepura hupita juu ya masuke tena na tena, lakini hapiti kwa ajili ya kupita: anataka punje ziachane na makapi. Katika matumizi ya sasa, maana ya kupita tena imebaki, na ya kutenganisha imesahaulika. Mwanafunzi anayesema anadurusu mara nyingi anasoma tena. Huupitia mwongozo wa riwaya, hupiga mistari chini ya sentensi, hugeuza kurasa. Kwa kuwa maneno aliyaona jana, leo huyatambua, naye hudhani anayajua. Kutambua na kukumbuka ni vitu viwili.

Tofauti hii ilipimwa vizuri na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Marekani. Wanafunzi wa chuo kikuu walisoma kifungu cha habari. Kisha baadhi walikisoma tena, na wengine wakaandika, bila kukitazama, yote waliyoweza kuyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya juma moja hali iligeuka: walioandika kwa kukumbuka waliweza kutoa takriban asilimia 56 ya yaliyokuwamo, na waliosoma tena asilimia 42. Lililo zito zaidi kwa mada yetu ni kwamba, katika jaribio la pili, waliokisoma kifungu mara nyingi ndio waliotarajia kukumbuka zaidi. Njia dhaifu humpa mwanafunzi raha na matumaini. Njia yenye nguvu humpa hisia ya kushindwa. Basi si uvivu tu unaomfanya aikwepe. Akifunga kitabu na kukuta kwamba amekumbuka mambo matatu tu, hudhani kwamba kudurusu kumeharibika, ilhali hapo ndipo kunapoanza.

Mtihani wa Kiswahili wa KCSE unalidhihirisha jambo hili. Una karatasi tatu: insha kwa alama 40, lugha kwa alama 80 na fasihi kwa alama 80, na katika karatasi ya pili, matumizi ya lugha pekee yana alama 40. Mwanafunzi akisoma katika daftari lake kwamba hawajamwandikia ni ha-wa-ja-mw-andik-i-a, kila kitu huonekana wazi. Aufunike uchanganuzi huo, ajiulize ile -i- ni ya nini, na kwa nini -mw- badala ya -m-, na baada ya hapo atunge kitenzi chake chenye mofimu za aina hizo hizo. Hapo atajua kama anajua. Katika fasihi, swali la dondoo linamtaka aeleze ni nani anayesema, kwa nani, wapi na kwa sababu gani. Wanafunzi wawili wenye nakala moja ya Nguu za Jadi au Bembea ya Maisha wanaweza kupokezana: mmoja afungue popote asome sentensi moja, mwingine aeleze muktadha wake. Kazi hiyo haihitaji mwongozo wala fedha, na dakika 20 zake zina uzito kuliko saa nzima ya kupiga mistari.

Jambo hili si geni katika utamaduni wa Waswahili. Mtoto wa chuo cha Kurani hakuthibitishwa kuwa amehifadhi kwa kutazama msahafu, bali kwa kusoma kwa ghaibu mbele ya mwalimu, aliyemsahihisha papo hapo, na sura za zamani zilirudiwa pamoja na mpya ili zisipotee. Barazani, anayetega kitendawili hasomi jibu kwanza. Hadhira hutafuta, hukosa, hutoa mji, ndipo huelezwa, na jibu lililotafutwa hivyo halisahauliki upesi. Yasemwe pia kwamba kuhifadhi kwa namna hii hakufanani na kukariri kunakolaumiwa katika mijadala ya elimu. Kinacholaumiwa ni kurudia maneno bila maana, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini imewafanya walimu wengine waone haya kumtaka mwanafunzi akumbuke chochote.

Shule zetu zimezitenga saa za jioni kwa ajili ya kujisomea, saa ambazo wanafunzi huziita prepu. Mwalimu wa zamu hupita kati ya madawati akihesabu vichwa vilivyoinama. Mwenye kitabu wazi mbele yake, hata kama yu ukurasa ule ule tangu saa moja, huhesabiwa kuwa anadurusu. Na yule aliyekifunga kitabu chake, akakaza macho darini akijaribu kuzikumbuka sababu tano za mgogoro katika tamthilia, huitwa jina na kuulizwa kwa nini hasomi.