Vijidudu vya Homa Bay na Swali la Jirani Yetu

Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia jirani yetu, mama mtu mzima ambaye binti yake ameolewa Homa Bay. Mjukuu wake alikuwa na siku 2 tangu kuzaliwa, na wazazi walikuwa wameombwa hospitalini wakubali mtoto aingizwe katika utafiti wa kupewa bakteria hai mdomoni. Bibi akatuuliza, "Shehe, yafaa kweli kiumbe kichanga kunyweshwa vidudu?" Tulimjibu kwa pupa kwamba haifai, mtoto ana maziwa ya mamake, vidudu vya nini? Akaondoka ameridhika. Sisi ndio tuliobaki na dukuduku, kwani tulikuwa tumetoa jawabu katika jambo tusilokuwa na elimu nalo. Makala haya ni deni tulilobaki nalo tangu siku ile.

Utafiti wenyewe ulifanywa Homa Bay na wataalamu wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Liverpool, Uingereza. Ulikusudiwa watoto 600 ambao hawajafikisha siku 4 tangu kuzaliwa. Waligawanywa kwa kura katika makundi 4: makundi 3 yapewe bakteria wa manufaa, mengine pamoja na chakula cha bakteria hao, na kundi la 4 lisipewe kitu, ili pawe na ulinganisho wa haki. Lililotafutwa ni kujua kama bakteria wema wakitangulia kujaa tumboni watazuia ule uvimbe wa utumbo usioonekana kwa macho, unaomfanya mtoto ale asinenepe wala asirefuke.

Laiti tungalitafakari kabla ya kujibu, tungalikumbuka jikoni kwetu. Hamira inayoumua unga wa vitumbua usiku wa Ramadhani ni kiumbe hai, jamii ya kuvu. Mtindi tunaofuturia ni kazi ya bakteria. Na hata hayo maziwa ya mama tuliyoyatetea yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimo humo kwa ajili ya kulisha bakteria wa tumboni mwake. Kumbe mama anaponyonyesha huwa analisha mtoto na wageni wa mtoto kwa pamoja. Jambo hili lilitushangaza kuliko yote tuliyoyasoma.

Wala si suala la kitoto. Hospitali ya rufaa ya Migori ilikuwa miongoni mwa hospitali 9, katika nchi 6 za Afrika na Asia, zilizofuatilia watoto 3,101 waliolazwa kwa maradhi makali. Walifariki 350, na kati yao 168, yaani karibu nusu, walifariki baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, katika miezi 6 iliyofuata. Mzazi amekwisha kushukuru, amekwisha kufunga mizigo, kumbe hatari bado yamfuata mlangoni.

Wengine walidhani tiba ya hatari hiyo ni kumpa mtoto antibayotiki wakati wa kutoka wodini. Dhana hiyo ilipimwa katika hospitali za kaunti za Kisii na Homa Bay kwa watoto 1,400. Nusu walipewa azithromaisini kwa siku 5, nusu wakapewa dawa isiyokuwa na kitu ndani yake, kisha wote wakafuatiliwa kwa miezi 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili, si katika vifo wala katika kulazwa tena.

Hapa hatuna budi kusema na wazazi wa mitaa yetu, na nafsi zetu kwanza. Mtoto akipata mafua tu twakimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili, tena nusu ya dozi, kwa sababu pesa hazikutosha. Nyumbani kwetu hilo limefanyika zaidi ya mara moja. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Inayopata kipigo ni hiyo jamii ya bakteria wema tumboni, na wabaya wanaosalia hujifunza kustahimili dawa. Siku mtoto atakapoihitaji dawa ile kwa haki, huenda isimfae.

Tuvuke sasa hadi Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika kaunti hiyohiyo ya Homa Bay. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoasisiwa mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, kina tawi pale lenye jina lake. Pwani hiyo ya ziwa ni nyumba ya malaria. Ndiyo maana chanjo ya kwanza ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya, Septemba 2019, uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Watafiti waliokuwa wakichunguza mbu wa huko waliona ajabu: baadhi ya mbu wanaoambukiza malaria walikuwa wamebeba ndani ya miili yao kijidudu kingine, jamaa wa kuvu, wakakiita Mikrosporidia MB. Na kila mbu aliyekuwa na kijidudu hicho hakupatikana na kimelea cha malaria. Hata walipomnywesha makusudi damu yenye vimelea, havikuweza kukua ndani yake. Habari hiyo ilitangazwa Mei 2020.

Kijidudu chenyewe hakikuonekana kumdhuru mbu. Mbu jike hukirithisha mayai yake, na baadaye ikabainika kwamba dume na jike huambukizana wanapopandana. Hapo ndipo matumaini yalipo, kwa sababu mbu dume haumi mtu; aweza kufugwa kwa maelfu, akatiwa kijidudu, akaachiliwa aende kuwaoa majike wa mitaani. Tatizo ni kwamba katika maumbile ni mbu wachache tu waliokibeba, katika sehemu nyingi ni kama 5 kwa kila 100, na idadi hupanda na kushuka kwa majira ya mvua. Kukizidisha kijidudu kisichokubali kuishi nje ya mwili wa mbu ni kazi ngumu, nayo inaendelea.

Mashambani habari ni ileile. Mkulima wa Migori au Homa Bay ana adui aitwaye kiduha, ambaye Wajaluo humwita kayongo: gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi chini kwa chini. Watu wa Mbita walifundisha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi. Mizizi yake huichochea mbegu ya kiduha iote kisha ife bila kushika muhindi, na katika vinundu vya mizizi hiyohiyo hukaa bakteria wanaoirutubisha ardhi kwa naitrojeni. Watafiti wengine magharibi mwa Kenya walitumia kuvu anayeliua gugu hilo peke yake. Walimsambaza kwa wakulima akiwa amepakwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno. Mkulima akamkuza nyumbani kwake juu ya wali uliopikwa, akautia wali huo shimoni pamoja na mbegu. Mashamba 500 yalijaribiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Nasi tuliokulia kwenye wali hatukujua kama wafaa hivyo.

Mwezi uliopita tulimwendea jirani yetu nyumbani kwake, tukamweleza kwamba siku ile tulimjibu bila elimu, tukamwomba radhi. Alicheka. Mjukuu hakuingizwa katika utafiti, sasa yuko shule na ni mzima, alhamdulillahi. Kisha akauliza la pili, na safari hii hatukuharakisha: "Na hao mbu waume wa Mbita, Shehe, watafika lini kwetu?" Tukamwambia kwamba bado wangali wakishughulikiwa, na kwamba chandarua chake kina tundu upande wa miguuni. Akamwita kijana wake alete sindano na uzi.