Mwambieni bibi mtafika kesho

"Mmefika wapi?"

Siku ile mama mkwe wangu alipiga simu mara saba. Alipiga tukiwa Chalinze, akapiga tukiwa Morogoro, na tulipokuwa tunapanda Kitonga taratibu nyuma ya lori la mafuta akapiga tena. Kwake Tukuyu kuku walishachinjwa, maji ya kuwaogesha wajukuu yalikuwa jikoni, na majirani walishaambiwa kwamba leo ndiyo leo. Kila simu ilipokatika, mume wangu alikanyaga mafuta kidogo zaidi.

Tulikuwa na watoto watatu: wa miaka saba, wa miaka minne na wa miezi 11. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na ukikata kona Uyole kwenda Tukuyu unaongeza kama 70 nyingine. Mume wangu alikuwa ameshaimaliza njia hiyo kwa siku moja mara nyingi, enzi za ujana wake, akiwa peke yake na redio. Kwa hiyo mpango ulikuwa uleule: tutoke Kimara saa 10 alfajiri, jioni tuwe mezani kwa bibi.

Wenye watoto wadogo mnajua kilichotokea. Saa 10 tuliwaamsha, wakalia. Mdogo akachafua nepi tukiwa tayari mlangoni. Wa kati akataka kiatu ambacho hakikuonekana. Tulitoka saa 12 na nusu, na foleni ya kuelekea Kibaha ikala saa nzima nyingine. Morogoro tukawanunulia chipsi mayai ili wanyamaze. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo hauruhusiwi kushuka kwenye gari, wa kati akatapika zote, nusu kwenye siti na nusu kwa kaka yake.

Iringa tulifika saa 11 jioni. Nikasema tulale. Mume wangu akasema, "Mama anasubiri."

Baada ya Mafinga giza liliingia, na mvua ikaanza kwenye ile misitu ya misonobari ya Sao Hill. Mdogo nilikuwa nimempakata siti ya mbele kwa sababu nyuma alikuwa analia. Sikumbuki tulikuwa tunazungumza nini, nakumbuka tu kwamba tulinyamaza, kisha matairi ya kushoto yakaanza kupiga kelele kwenye changarawe. Mume wangu alikuwa amesinzia. Alishtuka, akakata usukani, akakanyaga breki, gari likasimama hatua chache kutoka kwenye mtaro. Mtoto aliniponyoka mikononi, akajigonga paji la uso kwenye dashibodi.

Alivimba tu, tunamshukuru Mungu. Tulijikokota hadi Makambako tukatafuta gesti, watoto wakiwa na fulana zao za Dar huku upepo wa Makambako ukitukata masikio. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza kwamba nilimshika mtoto kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote za mama, na bado alitoka kama sabuni. Na gari lilikuwa limeshapungua mwendo.

Naandika haya sasa kwa sababu shule zinakaribia kufungwa, na wengi wetu tutakuwa barabarani tena. Wa Moshi, wa Bukoba, wa Songea, wote tuna bibi anayesubiri.

Jambo la kwanza tulilobadilisha mwaka uliofuata halikuwa la gari wala la vyakula. Lilikuwa simu. Wiki mbili kabla ya safari mume wangu alimpigia mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mnakuja lini?"

"Tunatoka Alhamisi, tunafika Ijumaa jioni."

"Mnatembea kwa miguu?"

Hakupenda. Aliuliza kwa nini tulipe pesa ya gesti wakati vitanda viko kwake. Alisema yeye alimsafirisha mume wangu akiwa na wiki sita kwenye lori la mizigo. Ilibidi mume wangu amweleze, kwa mara ya kwanza, jinsi uvimbe wa mjukuu wake ulivyopatikana, maana mwaka ule tulimdanganya kwamba mtoto alianguka kitandani. Bibi alinyamaza kidogo, akasema sawa, Ijumaa. Kuku akaendelea kuishi siku moja zaidi na mguu wa dereva ukapata amani.

Kama kuna kitu kimoja tu utakachokichukua hapa, mzazi mwenzangu, chukua hicho. Haraka ya safari nyingi za familia haitoki ndani ya gari, inatoka kwa wanaosubiri. Ukishaahidi kufika leo, kila kisima cha haja ndogo kinakuwa deni, na deni hilo analilipa dereva aliyechoka saa mbili usiku.

Sisi sasa tunakata safari Iringa, kama kilomita 500 kutoka Dar. Tunalala Ipogolo, chini ya mji, ili asubuhi tusipoteze muda kupanda na kushuka mlima. Kesho yake zinabaki kama 400. Tunasimama kila baada ya saa mbili hivi, hata kama hakuna anayelia, watoto wanashuka na kukimbia dakika 15. Dereva naye anashuka. Kahawa inasaidia kwa muda mfupi, lakini macho yakishaanza kuwa mazito dawa yake ni kulala, hata nusu saa, gari likiwa limeegeshwa sehemu salama.

Jambo la pili ni kiti. Nitalisema bila kuzunguka kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea: mtoto hapakatwi siti ya mbele. Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo uleule wa vibao vya vijijini unaotufanya tulalamike kupigwa tochi, mtoto wa kilo 10 anarushwa mbele kwa nguvu inayozidi kilo 200. Ni kama kushika magunia mawili ya mahindi yanayoruka. Na ukijifunga mkanda mmoja wewe na yeye, ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio unaomkandamiza.

Viti vya watoto vya kwenye gari vipo, vipya na vya mitumba. Mtumba si dhambi, ila usinunue kilichopasuka, kilichokatika mikanda au ambacho muuzaji hajui kilikotoka, maana kiti kilichowahi kupata ajali kinaweza kuonekana kizima na kisifae. Angalia kama kina kile kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara, kinachoonyesha kwamba kilipimwa kwa viwango vya Ulaya. Mtoto mchanga anakaa akiangalia nyuma ya gari, kwenye siti ya nyuma. Usikiweke kamwe kiti cha namna hiyo mbele penye eabegi inayofanya kazi, kwa sababu eabegi ikifumuka inapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kipo hapohapo.

Mkubwa wetu aliona kiti cha kumnyanyua ni cha kitoto. Tulimwonyesha kwenye kioo jinsi mkanda ulivyokuwa unapita shingoni na tumboni. Mkanda unatakiwa upite katikati ya bega na ushike nyonga. Mtoto ambaye hajafika kama sentimita 135 bado anahitaji kunyanyuliwa ili ukae hivyo.

Mdogo akilia njaa, gari linasimama, ananyonya, linaondoka. Inachosha. Lakini ndiyo maana siku ni mbili.

Sasa twende kwenye matapishi, ambayo ndiyo mada ninayoulizwa zaidi na wenzangu kazini. Watoto wachanga ni nadra kuchafukwa na safari; tatizo huanza kwenye miaka miwili na huwa kubwa hadi kama 12. Sikio la ndani linauambia mwili kwamba tunatembea, macho yaliyoinama kwenye simu yanasema tumekaa, na tumbo ndilo linaloumia kwenye ugomvi huo. Kwa hiyo ile simu tunayompa ili atulie, hasa kwenye kona za Kitonga, ndiyo inayomtapisha. Mpe dirisha. Akae mahali anapoona mbele, kioo kifunguliwe kidogo, mhesabu mibuyu kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni. Sisi huhesabu pia malori ya namba za Zambia na za Kongo, na aliyeona lori lililobeba gari jingine anapata pointi tano. Sheria hiyo ya pointi tano sijui nani aliitunga.

Zamani kila mama alikuwa na rambo mkononi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mimi nabeba makopo mawili ya siagi yenye mifuniko, kitambaa chenye maji na nguo za kubadilisha kwenye begi linalokaa miguuni, si kwenye buti chini ya mizigo yote. Chakula cha njiani ni kikavu na kidogo kidogo: chapati, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, maji. Karanga na korosho za njiani ni tamu, lakini mtoto wa chini ya miaka minne asile ndani ya gari linalotembea. Shimo moja tu la barabarani linatosha kumpalia, na wewe uko mbele unaangalia barabara.

Kuna kitu kingine ambacho watu wanakisema kwa kunong'ona. Jirani yangu aliniambia, "Wape dawa ya mafua, watalala hadi Iringa." Nilikuwa na chupa tayari kwenye pochi mwaka ule wa kwanza, na namshukuru muuguzi wa kliniki aliyenikataza. Dawa zinazosinzisha si za kutuliza watoto. Promethazini, ambayo wengine huitumia kwa ajili ya kutapika safarini, haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kuzuia upumuaji wake. Na mtoto aliyelazwa na dawa kwenye siti ya nyuma, shingo imelala upande, nani atajua kama anapumua vizuri? Kama mtoto wako anateseka sana na safari, mpeleke kwa daktari kabla, apewe dawa ya umri na uzito wake.

Usimwache mtoto kwenye gari lililofungwa hata kama unaingia dukani dakika mbili. Jua la Morogoro mchana halichezi: ndani ya dakika 10 tu joto la ndani ya gari linaweza kupanda nyuzi 10.

Ukikaribia Mikumi, simama Doma kila mtu aende chooni, hata anayesema hana haja. Huyo hasa. Barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50, na hapo hauruhusiwi kushuka wala kurushia nyani ndizi, hata watoto wakilia kwa huruma. Punguza mwendo, vibao vya faini ya kugonga wanyama vimesimama pale, na twiga hasomi vibao. Kwetu hicho ndicho kipande watoto wanachokisubiri mwaka mzima.

Kwa wanaosafiri kwa basi, hamko huru kusimama mnapotaka, lakini mna uwezo kuliko mnavyofikiri. Mlipie mtoto siti yake. Watatu kwenye siti mbili kwa saa 14 ni mateso, na mtoto anayelala kwenye njia ya katikati hana cha kumzuia breki zikishikwa. Chagua siti za katikati ya basi, mbali na mlango na si mstari wa mbele kabisa. Mwambie kondakta mapema, kwa upole, kwamba una mtoto mdogo, ili basi likisimama kuchimba dawa asikukimbize. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 na wapo wazazi wanaoyapenda kwa sababu watoto wanalala. Mimi bado napenda kuona uso wa dereva na barabara aliyonayo mbele.

Beba kadi ya kliniki na kadi ya bima, na pakiti mbili za chumvichumvi. Jua pia hospitali zilipo: Mikumi ipo ya Mtakatifu Kizito, Ilula ipo nyingine, na Mafinga vilevile. Tumewahi kusimama Ilula kwa homa ya mtoto, na baada ya vipimo tukanunua nyanya tukaendelea.

Safari ile ya siku mbili tulifika Tukuyu Ijumaa saa 10 jioni, kukiwa bado na mwanga, mvua ya Rungwe ikinyunyiza kidogo. Watoto walishuka wenyewe kwenye gari wakakimbilia migombani. Bibi alimshika mdogo, akampangusa paji la uso kwa kiganja, akalitazama kwa muda mrefu ingawa hapakuwa na alama yoyote. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza gesti ya Iringa ilikuwa na neti.