Bonde Lipi Litangulie Kuhifadhiwa?



Mtu akiona paa la nyumba yake linavuja mahali pengi, naye ana mzigo mmoja tu wa nyasi, hatawanyi nyasi hizo juu ya paa zima. Hutafuta kwanza tundu kubwa, akaliziba. Ndivyo ilivyo kazi ya kuhifadhi udongo milimani. Nguvu za watu, miche na fedha ni chache. Makorongo ni mengi. Basi yatupasa kujua bonde lipi litangulie, na kwa sababu gani.

Chukua mfano wa milima ya Uluguru. Maji yake huingia Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Na Mto Ngerengere hujaza bwawa la Mindu, linalotumiwa na mji wa Morogoro. Udongo ukitoka shambani mlimani haupotei. Hushuka mtoni, ukalala bwawani na kula nafasi ya maji. Hasara ni mbili: mwenye jembe hukosa mavuno, na mwenye ndoo hukosa maji.

Tangu mwaka 1950 wakulima wa Uluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Mahali pengi udongo mzuri wa juu ulikuwa mwembamba; majembe yakafukua udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakapungua. Mwaka 1955 watu waliukataa mpango huo, nao ukaachwa. Fundisho lake ni hili: dawa moja haiponyi kila kidonda, na kazi isiyotanguliwa na kipimo huchosha watu bure.

Siku hizi kipimo kipo. Setilaiti ni vyombo vinavyozunguka dunia juu sana na kupiga picha za nchi. Ya kwanza katika jamii ya Landsat ilirushwa mwaka 1972. Kwa hiyo mlima wa leo waweza kulinganishwa na mlima wa zamani. Zile za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupambanua vipande vya ardhi vyenye upana wa mita 10. Vyombo hivyo huona hata mwanga usioonekana kwa macho yetu. Jani bichi hurudisha mwanga huo kwa wingi kuliko udongo mtupu, na kwa njia hiyo hujulikana palipofunikwa na palipo uchi. Tena, Februari 2000, chombo kingine kilipima miinuko ya nchi kwa rada, na kwa vipimo hivyo twajua maji yateremkia wapi.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi:

1. Bonde kubwa hugawanywa kuwa mabonde madogo. Mpaka hupita juu ya migongo ya vilima, mahali maji yanapoachana.

2. Kila bonde dogo huulizwa maswali manne. Je, mvua yake ni kali? Udongo wake huchukulika upesi? Mteremko wake ni mkali na mrefu kadiri gani? Mimea na makinga maji yake yanatosha kuulinda?

3. Kila jibu hupewa alama. Alama huunganishwa, na bonde lenye hatari kubwa hutangulia.

Usistaajabu basi ukiona mlima mkali wenye msitu umewekwa nyuma, na kilima cha wastani kilicho uchi kimewekwa mbele. Msitu huupunguzia udongo hatari, uchi huizidisha.

Lakini ramani haina miguu. Mawingu huficha mlima. Shamba lililovunwa jana huonekana kama jangwa, na picha ya kiangazi si sawa na ya masika. Korongo jembamba laweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo mwalimu wa kilimo akija na ramani, fuatana naye. Mwonyeshe mahali maji yanapoanza kuwa mekundu, njia ya ng'ombe iliyogeuka mfereji, na mwaka korongo lilipofunguka. Ramani ikikosea, sema bila haya, ili alama zisahihishwe. Asiyesema leo asilaumu kesho miche ikipelekwa mahali pasipostahili.

Kutangulizwa si adhabu, wala kungojeshwa si kutupwa. Bonde la jirani yako lililo juu likitengenezwa, shamba lako lililo chini hupona pamoja nalo. Na wewe unayengoja zamu, usikae bure: lima na kupanda kwa kukingama mteremko, panda mistari ya mabingobingo, usichome majani shambani, na uache miti na nyasi kandokando ya kijito. Kazi hizo hazihitaji ramani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze na ufa mkubwa, lakini kila mtu autazame na ule wa kwake.