CHAKULA CHA JIONI KATIKA SIKU ZA BARIDI



Wako watu wadhanio kuwa baridi ni jambo la Ulaya tu, na kwamba nchi zetu hazijui ila jua. Mwenye kudhani hivyo na apande milima ya Usambara mwezi wa Julai. Mji wa Lushoto uko juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hata Agosti ukungu hutanda mabondeni, na Magharibi ikikaribia watoto hurejea kutoka chuoni wamejikunyata, kila mmoja akikimbilia jikoni. Hali ni hiyo hiyo Njombe, Makete na Mbeya, na hata Nairobi, ambako katika miezi hiyo jua huweza kufichika siku nzima. Pwani nako, ijapokuwa hapana baridi kama hiyo, kipupwe huwafanya wazee watafute shuka nzito.

Katika siku hizo mambo mawili huzidi nyumbani: njaa na moto. Watoto hutaka kula zaidi, na jiko hutaka mkaa zaidi. Kwani maji ya kuoga huchemshwa, chai hupikwa mara tatu, na jiko lenyewe hufanywa la kuotea. Jambo moja halizidi, nalo ni pesa za matumizi. Basi mama wa nyumba hujikuta kati ya midomo inayomtazama na mfuko usiomsikia. Makala haya twayaandika kwa ajili yake. Lakini msomaji ataona mbele kuwa hayamhusu yeye peke yake.

KIASI SI UBAHILI

Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Na katika Surat Al-Furqan amewasifu waja wake ambao watoapo mali hawapiti mpaka wala hawafanyi choyo, bali hushika njia iliyo katikati. Njia hiyo ndiyo tuiitayo kiasi. Mtu wa kiasi hawanyimi watu wake chakula. Anachokinyima ni kile kinachopotea bure: moto unaowaka chini ya sufuria tupu, wali unaomwagwa asubuhi, viazi vinavyooza ndani ya gunia kwa kuwa havikuchambuliwa. Twaamini kuwa nyumba nyingi zingeweza kula vizuri zaidi kwa pesa zile zile, lau kama yangezibwa matundu hayo.

MOTO MMOJA

Tuanze na moto, kwa kuwa wakati wa baridi moto hula pesa kama mtu mzima. Wakazi wa milimani wanajua kuwa maharagwe kwao hukawia kuiva kuliko Tanga mjini, lakini si wote wajuao sababu. Kadiri tupandavyo juu, ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka kabla hayajapata joto kamili. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Lushoto huchemka kwenye digrii 95 hivi. Kuzidisha mkaa hakuondoi tofauti hiyo. Maji huruka tu na kwenda zake, na maharagwe hubaki magumu.

Dawa yake ni maji baridi na subira. Maharagwe na yalowekwe tangu usiku uliotangulia. Asubuhi yamwagwe maji yale, yaoshwe, na yatiwe maji mapya. Sufuria na ifunikwe sawasawa, kwa kuwa sufuria iliyo wazi hupasha joto dari badala ya chakula. Na yakisha kuchemka kwa nguvu, moto upunguzwe. Yanayotokota polepole huiva sawa na yanayofurika.

Iko na hila nyingine, ambayo si mpya. Katika vita vya 1939 hata 1945, wakati kuni na makaa ya mawe yalipokuwa adimu, watu wa Uingereza walihimizwa kupika kwa sanduku lililojazwa majani makavu. Chakula kilichemshwa, kisha sufuria ikafukiwa ndani ya majani hayo, joto lisipate njia ya kutoka, na chakula kikamalizia kuiva chenyewe. Nasi twaweza kufanya hivyo kwa kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu, au mto uliojazwa pamba ama sufi. Lakini yapasa kuangalia sharti moja. Maharagwe mabichi yana sumu inayoumiza tumbo, na sumu hiyo haiondoki ila kwa kuchemshwa kwa nguvu. Basi yachemke nusu saa nzima juu ya moto kabla ya kuingia kikapuni. Huko yakae saa tatu au nne, na kabla ya kupakuliwa yachemshwe tena.

Moto na uwashwe mara moja, baada ya Alasiri. Kikiiva chakula, makaa yaliyobaki yachemshe maji ya udhu na maji ya kutia katika chupa ya chai. Hivyo moto mmoja utakuwa umefanya kazi tatu.

CHUNGU KIMOJA

Chakula kifaacho jioni ya baridi ni kile kinachopikwa katika chungu kimoja, chenye mchuzi, na kiliwacho kikali moto. Mfalme wa vyakula hivyo ni makande, ambayo wenzetu wa Kenya huyaita githeri. Wazee wetu walipochanganya mahindi na maharagwe hawakuwa na vitabu vya elimu ya chakula, lakini walipatia. Kile kinachojenga mwili ambacho ni kidogo katika mahindi, kiko kwa wingi katika maharagwe. Na kile kilicho kidogo katika maharagwe, mahindi hukileta. Kwa nyumba ya watu sita, kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharagwe yatatosha jioni, na yatabaki ya kupasha asubuhi. Yatiwe kitunguu, nyanya na karoti. Mwenye nazi atie tui, na mwenye karanga atwange kidogo atie. Mahindi yaliyokobolewa huiva upesi kuliko yenye maganda, na hapo tena mkaa umeokolewa.

Siku ya pili pawe na ugali na dagaa. Wako wanaowadharau dagaa na kuona haya kumwandalia mgeni. Hilo ni kosa. Samaki huyu mdogo huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na katika mifupa hiyo mna chokaa ijengayo mifupa na meno ya watoto. Waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaangwe kidogo kwa kitunguu, kisha watiwe nyanya na maji, na mboga za majani zitiwe mwisho kabisa.

Siku ya tatu ni ndizi mbichi au viazi ulaya, mbatata kama waitavyo wenzetu wa pwani. Na hapa ndipo nyama ipatapo mahali pake. Nusu kilo ya nyama ikikaangwa huwa mikato michache, na watoto wataigombania. Lakini ikikatwa ndogo ndogo na kupikwa pamoja na mfupa, ndizi na kabichi, ladha yake huenea katika chungu kizima, na kila mtu ataiona sahanini mwake.

Tuongeze neno juu ya chai, kwa kuwa tunazungumza na watu wa milima inayolima majani hayo. Chai ya tangawizi wakati wa baridi ni neema. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usipate vyema madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, na madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Kwa hiyo afadhali chai ingoje saa moja hivi baada ya kula. Juu ya chakula chenyewe ikamuliwe ndimu au limau, kwa kuwa ukali wake husaidia madini hayo yaingie mwilini.

KIASI KISICHO KIASI

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Maneno hayo ni kweli kwa akiba ya pesa, lakini mahindi huoza. Kuna kuvu iotayo juu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka, nayo hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Basi asiseme mtu kuwa ni israfu kutupa mahindi yaliyoota kuvu. Kuwapikia watoto mahindi hayo ndiyo hasara.

Kiporo nacho kina adabu yake. Chakula kilichobaki kifunikwe na kuwekwa penye baridi mara kinapopoa, na asubuhi kichemshwe, si kupashwa tu. Na wali usiachwe usiku kucha jikoni penye joto, kwani hupata vidudu vinavyotoa sumu, na kuupasha tena hakuiondoi sumu hiyo.

Lakini katika uchumi wa uongo hakuna ulio mbaya kuliko huu: jiko la mkaa kuingizwa chumbani baada ya chakula, mlango ukafungwa, na madirisha yakazibwa nguo ili joto lisipotee. Mkaa uwakao mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Aliyelala haikohoi wala haimwamshi; humzidishia usingizi tu, na asubuhi majirani huvunja mlango. Habari za namna hii tumezisikia mara nyingi mno katika miezi ya baridi, na mara nyingi waliokufa ni mama na watoto wake waliolala kitanda kimoja. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kuacha moto unawaka majumbani mwetu tunapolala. Makaa na yazimwe nje. Blanketi la pili ni rahisi kuliko sanda.

SAHANI YA MWISHO

Sasa twafika kwenye neno ambalo kwalo tumeandika haya yote. Tazama ni nani anayepakua, na ni nani anayekula mwisho. Katika nyumba nyingi baba hupakuliwa kwanza, kisha wageni, kisha watoto. Na mama hukwangua sufuria. Chakula kikipungua, kinachopungua ni chake. Ataulizwa, naye atajibu kuwa ameshiba kwa harufu. Kila mtu hucheka, na mazungumzo huendelea. Na huenda mama huyo ana mimba, au ana mtoto anyonyaye, na mwili wake wataka chakula zaidi kuliko wa yeyote aliyeketi hapo.

Basi tunawaambia ndugu zetu wanaume kwa mapenzi na kwa kweli: chakula cha nyumbani ni wajibu wa mume katika sheria yetu, si hisani anayomfanyia mkewe. Haimpendezi mtu kuketi mjini baada ya kazi akala mishikaki na kunywa chai ya maziwa, kisha akarejea na kumhutubia mkewe juu ya kiasi. Kiasi kianze na yule mwenye kushika mfuko. Na jioni, kabla hajanyoosha mkono, aulize swali moja tu: “Mama, chako kiko wapi?” Swali hilo halina gharama, na huenda likabadili nyumba nzima. Wakila wote katika sinia moja, ni bora zaidi, hapo kila mmoja atamwona mwenziwe, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa chakula cha watu wawili huwatosha watatu.

Na asisahauliwe jirani. Alimwusia Abu Dharr kuwa apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Wasia huu hautaki mali nyingi. Hutaka bakuli moja la maji ndani ya chungu, na mtoto mmoja wa kulipeleka upande wa pili wa ua, kwa bibi kizee anayeishi peke yake, ambaye labda leo hakuwasha moto kabisa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, azikinge nyumba zetu na moto na maradhi, na atujaalie tulale usiku huu hali ya kuwa hapana mmoja wetu, aliye ndani wala aliye jirani, aliyelala na njaa. Amin.